Bibi-harusi Mwenye Misuko Miwili

Kabambare, 4 Machi 2024

Subira mdogo wangu,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome ukiwa peke yako. Usimsomee Mama, usimsomee Faida, wala usimwambie mtu wa chuoni kwamba nimekuandikia. Ukimaliza, iweke kwenye makaa chini ya sufuria. Salomon, huyu wa pikipiki anayekuletea, hajui kilichomo; akiuliza, mwambie ni nakala ya cheti. Simu yangu usiipigie kwa mambo haya. Ilinunuliwa na shemeji, na kila inapolia ofisini kuna mtu anayetaka kujua ni nani.

Sasa salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo tangu Novemba halinipi amani. Mvua imekata barabara ya Salamabila mara mbili. Ofisini wametuletea vitabu vipya vya vizazi, lakini kitabu cha vifo ni kile kile, na bado ninakiandika mimi. Nisalimie Mama, mama mudogo Mwamvua na Faida. Mwambie Faida asiache hesabu.

Jambo lenyewe linamhusu yeye. Shemeji Hamadi alikuja ofisini Alhamisi, akakaa juu ya meza yangu, juu ya makaratasi, akasema: “Faradji, nyumba bila mwanamuke ni kama biro ya serikali bila karani. Mama yenu amekubali. Mudogo atakaa pahali pa dada yake. Iko tu neno lako.” Unajua kwamba tangu Baba afariki mimi ndiye walii wa Faida, na imamu hawezi kumwozesha bila idhini yangu. Unajua pia ni nani aliyenipatia kazi hii. Nilimwambia nitafikiri.

Hapana. Nimeandika hivyo kwa sababu inapendeza kusoma. Nilimwambia: “Vizuri.” Akacheka, akanipiga begani, akaenda.

Jambo la pili. Wewe na mama mudogo ndio mliomwosha dada yetu Chadia alipokufa Novemba. Sikuulizi kitu. Nakukumbusha tu kwamba aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Watu wamekuwa wakiuliza huku.

Kaka yako,
Faradji


Kasongo, 27 Machi 2024

Yaya Faradji,

Barua yako, kaka yangu, niliisoma nikiwa peke yangu na nikaichoma. Salomon hakuuliza kitu. Wewe ndiye mtu pekee duniani anayedhani Salomon anataka kujua mambo yako.

Sisi sote wazima. Tunafunga, jua ni kali, na Mama anakasirika kuanzia saa tisa mpaka adhana. Faida amekuwa wa pili darasani. Nilimwambia umesema asiache hesabu. Akauliza: “Nitahesabu nini huko kwa Hamadi? Watoto?” Ana miaka kumi na saba, lakini mdomo wake una arobaini.

Habari yangu ni kwamba kikundi chetu cha chuo kinatengeneza filamu ya kuogopesha, ile ya nyumba kubwa ya zamani, mishumaa, milango inayojifunga, na maiti asiyekubali kulala. Mwenye kuiongoza ni Hervé. Hadithi yake ni ya tajiri aliyemfungia bibi-harusi wake katika chumba cha nyuma, na kila mgeni anayelala humo anamwona. Tumepata nyumba moja ya Wabelgiji karibu na misheni, yenye baraza na paa lililooza. Tunaziba madirisha kwa blanketi, adhuhuri inakuwa giza. Mimi nimepewa mavazi, uso na nywele. Hervé alisema: “Subira, wewe unajua kusuka, basi unajua yote.”

Gauni nimelipata. Ni lile la Chadia la harusi, la mikono mirefu na kola iliyopanda shingoni, lililorudi katika sanduku lake. Nililichovya katika chai ya rangi siku mbili, likawa la miaka mia. Mama hajui. Ameambiwa nimeliazima kwa mshonaji.

Kuhusu kuosha, umenikumbusha jambo nisilolisahau. Niliapa mbele ya maji na mbele ya mama mudogo. Nilichokiona kimeondoka na maji yale. Sitakisema kwako wala kwa hakimu.

Sasa nijibu na wewe. Walii ni mtu wa kusema ndiyo au hapana. Je, utasema hapana? Nataka neno moja tu.

Subira


Kabambare, 17 Aprili 2024

Mdogo wangu Subira,

Idi njema kwenu nyote, ingawa imepita wiki. Hapa tuliswali uwanjani kwa sababu msikiti umepanuliwa na haujaezekwa. Shemeji alichinja ng'ombe watatu na akagawia ofisi yetu. Nilipata ini. Nilimpelekea jirani.

Nimefurahi kusikia habari za masomo yako. Filamu ni kitu kizuri kwa vijana. Ningependa kujua zaidi: ni nani atakayeiona? Je, mwalimu anaangalia sehemu moja moja kabla haijaisha? Na huyo anayecheza bibi-harusi ni nani, anatoka familia gani? Nauliza kama kaka tu.

Kuhusu gauni, nakushauri ulirudishe sandukuni. Chai haitoki kwenye kitambaa kile. Kasongo kuna washonaji wengi. Na kuhusu uso wa maiti, nimeona wanafunzi wa Kindu wakimtia bibi-harusi meno marefu na macho mekundu. Inaogopesha vizuri. Watu wanapenda meno.

Umeniuliza neno moja. Subira, haya si mambo ya neno moja. Kuna kazi, kuna nyumba ya Mama ambayo paa lake liliwekwa na nani, unajua. Hakuna aliyethibitisha kitu chochote juu ya mtu yeyote. Cheti kinasema malaria. Nipe muda.

Faradji


Kasongo, 20 Mei 2024

Yaya,

Mama anakohoa kidogo, si kitu. Faida ameletewa vitenge sita kutoka Kabambare. Amevipanga juu ya kabati bila kuvifungua na sasa paka analala pale. Mama mudogo Mwamvua amekusalimu, alisema, “Mwambie Faradji, mutu asiyekula atakufa bila kugonjwa.” Sijui alisikia wapi kwamba huli.

Umeuliza maswali manne juu ya filamu na umeruka langu moja. Nakujibu yako.

Itaonyeshwa Jumamosi tarehe 22 Juni, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule ya misheni. Kila mtu anaruhusiwa. Mwalimu haangalii kabla. Bibi-harusi ni Émérance, binti wa wakulima wa kule njia ya mto, wale waliotetewa na wakili mama katika kesi ya shamba, Mkristo, anacheka hata akilala. Kumfanya awe maiti ni kazi.

Meno sikumtia. Nikuambie nilivyofanya, kwa kuwa unapenda masomo yangu. Unga wa muhogo niliuchekecha mara tatu, nikauchanganya na mafuta ya kujipaka, nikampaka uso na mikono mpaka kwenye kucha. Chini ya macho nilitia makaa yaliyosagwa, kidogo, kwa kidole. Shingo ndiyo ilinichukua siku tatu. Bluu ya kufulia peke yake inakuwa rangi ya nguo, haiwi rangi ya mwili. Nilitia makaa ndani ya bluu, halafu ukingoni nikapitisha mawese, maana alama ikikaa saa chache inakuwa nyekundu pembeni. Alama nne upande wa kulia, moja upande wa kushoto. Nilimwambia Hervé aweke mkono wake shingoni mwa Émérance ili nipime. Mkono wa Hervé ulikuwa mdogo. Niliongeza.

Hervé alinitazama, akasema: “Lakini katika hadithi yangu alikufa kwa kiu.”

Nikamwambia: “Kiu iko na mikono.”

Halafu nywele. Wewe ni mwanaume, huenda hujui. Mwanamke akifa, waoshaji wanamsuka misuko mitatu na kuilaza mgongoni. Kila mwanamke wa mjini anajua hivyo, hata watoto wanaochungulia. Émérance nimemsuka miwili. Upande wa kushoto alikubali nimnyoe kipande cha ukubwa wa kiganja, juu ya sikio, kisha nikapachika gundi na unga paonekane ngozi iliyovutwa. Alisema: “Nitavaa kitambaa kanisani mpaka ziote. Padri atadhani nimeokoka mara ya pili.” Nilipommaliza na kumgeuza mgongo kwenye kioo aliomba kitambaa mara ile ile. Ndiyo mara ya kwanza kumwona hacheki.

Sijasema kitu kwa mtu yeyote. Kiapo changu ni cha mdomo.

Bado nangoja neno lako.

Subira


Kabambare, 2 Juni 2024

Subira,

Salamu kwa wote. Naandika kwa haraka, Salomon amewasha pikipiki.

Msuke mitatu. Nakuomba. Ongeza meshi, zile nywele za dukani, kama zake hazitoshi. Atavaa shela, hakuna atakayeona. Shingoni paka unga tu na ufunge kola. Kola ni ndefu, itafunika yote. Kama sehemu zile zimekwisha kupigwa picha, mwambie Hervé azikate, sema taa ilikuwa mbaya. Filamu haipungui kitu. Inaogopesha bila hayo.

Shemeji anakuja Kasongo wiki ijayo kwa biashara. Usiwe nyumbani.

F.


Kasongo, 10 Julai 2024

Yaya Faradji,

Mama amepona kikohozi. Mahindi yameiva. Hizo ndizo habari njema.

Hamadi alikuja tarehe 11 Juni. Hakwenda kwenye biashara yoyote. Alikuja moja kwa moja kwenye nyumba ya Wabelgiji tukiwa tunafungasha vitu, picha zote zimekwisha kupigwa, akasimama barazani na vijana wake wawili, akaniambia kwa upole: “Shemeji, nipe gauni ya bibi yangu.” Hakusema gauni gani, na sisi tulikuwa na magauni matano kwenye kamba. Alinyoosha kidole kwenye lile. Nikampa. Alilikunja vizuri kuliko fundi. Kisha akamwambia Hervé: “Kijana, hiyo filme ibaki kwenye mashine yako.”

Watu waliojua kwamba gauni lile ni la Chadia walikuwa wawili. Mmoja ni mimi. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Hervé alitaka kukata sehemu za shingo na nywele. Émérance ndiye aliyemwambia: “Mimi nimenyolewa kichwa kwa ajili ya kazi hii. Ukikata, nitasimama mlangoni mwa ukumbi na kichwa wazi, nikionyesha mimi mwenyewe.” Basi hakukata.

Ukumbi ulijaa. Tuliziba madirisha, watu wakaketi mpaka chini. Sikumwalika Mama, Faida ndiye aliyemleta, akamkalisha mbele. Mama mudogo Mwamvua alikuwa nyuma yao. Mwanzoni walicheka, maana tajiri alicheza na tumbo la mto wa kulalia na sharubu zinadondoka. Mtu akapiga kelele, “Mubandike na ugali!” Halafu bibi-harusi akatoka chumbani, na mshumaa mkononi. Hakuna aliyecheka. Akageuka. Hervé alikuwa amemfuata na kamera kwa nyuma polepole sana, kama nilivyomwomba.

Wanawake walianza kunong'ona.

“Ee, huyu iko na misuko mbili.”

“Wanafunzi hawajui kitu.”

“Msukaji ni Subira. Subira aliosha dada yake. Hawezi kukosa kujua.”

“Basi ya tatu iko wapi?”

Mara ile picha ikaonyesha juu ya sikio. Mama mudogo Mwamvua alisimama akatoka, akikanyaga miguu ya watu. Ndipo Mama akageuka kumtazama akitoka, akatazama ukutani tena, akatazama shingo. Hakulia. Filamu ilipokwisha alinijia, mbele ya watu wote, akauliza: “Ulimwosha au ulimpiga picha?”

Nilianza kutoa blanketi madirishani.

Akasema: “Mimi nikifa, weye usiniguse.”

Tangu siku hiyo hali chakula nilichopika. Nyumbani alimketisha mama mudogo, akamuuliza kama ni kweli. Mama mudogo alisema, “Dada, niliapa.” Akauliza tena. Akasema tena hivyo. Ndipo Mama akasema: “Hawa wawili wamefungwa na maji. Faradji hakuosha. Faradji alikuwa kule, alikuja na maiti ndani ya jeep, na cheti mfukoni, kimekauka wino. Yeye hana kiapo. Aje aseme. Akisema ni malaria, Faida ataolewa na mimi nitamwomba Hamadi msamaha. Akisema hapana, basi.”

Kwa hiyo si mimi tena ninayekuuliza. Ni yeye.

Subira


Kasongo, 9 Agosti 2024

Yaya,

Ni mwezi sasa. Salomon anasema alikukabidhi mkononi na ukaisoma umesimama.

Harusi ni Ijumaa tarehe 30. Baba mudogo Saidi atasimama pahali pako. Mama alisema: “Faradji amenyamaza, basi amekubali.” Nikamkumbusha aliyoyaona ukumbini. Akasema: “Karatasi ya serikali inasema malaria. Sinema ya watoto inasema kitu kingine. Nitamwambia nani?”

Faida amemtoa paka juu ya vitenge. Jana aliniomba nimsuke. Aliniambia: “Nisuke mitatu kabisa, usije ukapata taabu baadaye.” Alikuwa anatania. Nilimsuka, nikatoka nje.

Sitakuandikia tena.

Subira


Nyangwe, 18 Agosti 2024

Subira,

Sijui nikusalimu vipi. Salamu kwa Mama, kama atazipokea kutoka kwangu. Salamu kwa Faida. Mimi siko Kabambare. Nilitoka ofisini Jumatatu saa sita kama mtu anayekwenda kula, na sikurudi.

Pamoja na barua hii kuna nyingine, imefungwa, ya imamu. Mpelekee leo hii hii, usingoje kesho. Ndani nimeandika kwamba mimi, walii wa Faida, ni hai, nina akili zangu, sikumpa baba mudogo wala mtu yeyote nafasi yangu, na kwamba simwozeshi Hamadi. Nimetia sahihi na kidole. Imamu hawezi kupita juu yake. Neno uliloniomba Machi limo humo. Liliniwia rahisi mno kuliandika, mistari sita, na nimekaa nalo miezi mitano.

Mama aliomba niseme. Nasema, na utamsomea.

Gauni ni mimi niliyemwambia Hamadi. Hakunilazimisha. Baada ya barua yako ya Mei nilimfuata mwenyewe dukani kwake. Nilidhani akilichukua gauni mtaogopa na mtaacha, na mimi nitalala usingizi. Sikumwambia habari ya nywele. Sijui kwa nini nilimficha hiyo.

Sasa ile Jumatano, tarehe 15 Novemba. Hamadi aliingia ofisini saa nane mchana. Alisema: “Dada yako ametutoka. Malaria ya kichwa. Andika haraka, nataka kumpeleka Kasongo kabla mwili haujaharibika.” Nililia. Yeye aliniletea maji. Kisha nilifungua kitabu cha vifo nikaandika jina lake, miaka yake ishirini na nne, sababu, na saa: saa saba na nusu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kwa sababu alikuwa dada yangu. Nikatia muhuri. Nikatoa cheti.

Saa tisa nilikwenda nyumbani kwake. Waombolezaji hawakuwapo. Nilidhani habari haijaenea. Hamadi alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, nilisikia maji. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilisimama pale ili nimwombee, na ndani mtu akakohoa.

Nakwambia nilivyofikiri, maana nimefikiri kila siku tangu hapo. Nilifikiri: ni mwanamke mwingine, jirani, anakaa na maiti. Halafu nikafikiri: mbona wamemfungia kwa nje? Halafu, Subira, nikafikiri juu ya kitabu. Tulifundishwa kwamba kitabu cha vifo hakifutwi, hakichanwi, hakiandikwi juu. Nimekwisha kumwandika. Nimekwisha kutia muhuri. Nikifungua mlango huu na yeye akawa hai, nitamwambia shefu wa ofisi nini? Hayo ndiyo mawazo yaliyokuwa kichwani mwangu, na mkono wangu ulikuwa umefika kwenye komeo.

Alikohoa tena. Akasema kitu, si jina langu, sikukielewa. Hamadi akatokea na taulo. Alinitazama mkono. Akasema: “Si umekwisha kuandika?” Nikasema ndiyo. Akasema: “Basi.” Nikakaa naye barazani. Alinipa soda, nikanywa.

Aliyeleta msaada ni jirani, mwanamke muuza ndizi, si mimi. Alimwita Fidèle, muuguzi wa kituo cha afya. Saa kumi na moja Fidèle alifunguliwa mlango kwa sababu alikuja na watu. Alimkuta Chadia anapumua. Aliandika hivyo katika daftari lake la wagonjwa: saa, mapigo ya moyo, shingo, kichwa. Chadia alikata roho kabla ya magharibi. Kitabu changu kinasema alikufa saa saba na nusu. Daftari la Fidèle linasema saa kumi na moja alikuwa hai. Hamadi ametaka mara mbili niandike ukurasa mpya. Mara ya pili ilikuwa Jumapili iliyopita, na safari hii hakuja na soda. Kitabu nimekiacha mahali pake kwenye kabati, kitabu cha serikali hakitembei, lakini nimenakili ukurasa wote na namba yake, na nakala ninayo. Fidèle atasema akiitwa. Alinitafuta Desemba kuniuliza, nilijificha chooni.

Ulipomsuka Émérance ulidhani unaonyesha alichofanya Hamadi. Niliposoma barua ile niliona mlango. Wewe hukujua habari ya mlango. Ndiyo maana nilitaka misuko mitatu.

Mama akikasirika nawe kwa sababu ya kiapo, mwambie hukukivunja. Mimi sikuwa na kiapo, na nilinyamaza bure.

Sasa sikiliza vizuri jinsi ya kunipata.

Kwanza imamu. Halafu nenda kwa yule wakili mama aliyesaidia kesi ya shamba la akina Émérance, mwambie kuna mtu wa ofisi ya vifo anayetaka kutoa maelezo kwa maandishi. Usimtaje Hamadi mpaka mlango ufungwe. Njooni siku ya soko, mko wengi njiani, hakuna atakayewatazama. Msitumie Salomon. Si mbaya, lakini anaegesha pikipiki yake dukani kwa Hamadi. Mkifika Nyangwe teremkeni mpaka wanapoegesha mitumbwi, muulizeni Mama Consolée anayekausha samaki, ana banda la bati jekundu. Msiseme Faradji. Semeni mnamtaka yule anayewaandikia wavuvi barua. Atawaambia mkae. Nitawaangalia kwanza kutoka ng'ambo, labda saa nzima, nisameheni. Mkiwa wawili nitavuka. Mkiwa na mwanaume yeyote nisiyemjua, sitavuka.

Barua hii usiichome. Njoo nayo. Mimi najijua: wakili akifungua karatasi na kuniuliza saa, nitaanza kusema kwamba sikumbuki vizuri, kwamba labda ilikuwa redio ya jirani, kwamba niliandika nilichoambiwa. Ukiniona naanza hivyo, usinionee huruma. Itoe, unisomee kwa sauti, kuanzia pale kwenye mlango.

Faradji